Triga ya kubadilisha kwenye Remington 700 na kloni zake: inafiti kweli au mpaka ichongwe?

ShabahaMbali:

Wakuu habari zenu. Nina raifo mbili za bolti, moja ni Remington 700 ya zamani kabisa bado ina triga yake ya kiwandani ile ya Walker, ya pili ni Bergara B-14 ambayo wanasema imejengwa kwa kufuata mfumo wa 700. Hiyo 700 triga yake imenichosha, ni nzito halafu ukiivuta inakwaruza, inasimama, inakwaruza tena ndo inaachia, na ikifika hapo alama ya darubini ishahama kwenye shabaha. Nimeamua kununua triga ya kubadilisha, naangalia Timney na TriggerTech, na kila ninaposoma naona wameandika inafiti Remington 700 na kloni zake, yani bunduki za viwanda vingine zilizojengwa kwa mfumo wa 700.

Ninachotaka kujua, hilo neno inafiti lina ukweli kiasi gani? Nikinunua moja naweza kuifunga leo kwenye 700, kesho nikaihamishia kwenye Bergara bila kuchonga kitu? Kuna zinazouzwa zina kiachio cha bolti na nyingine hazina, sielewi nichukue ipi. Halafu uimara, maana 700 ni ya kuwindia, kuna vumbi kuna mvua kuna baridi la alfajiri, sitaki kitu cha kukaa mezani tu kikigusa mchanga kinagoma. Na uzito wa kuvuta triga niseti ngapi? Kuna mtu ananishauri nishushe mpaka nusu kilo, mimi naona ni hatari ila sina hoja ya kumjibu. Naombeni uzoefu wenu hasa mafundi.

FundiChuma:

Mkuu ngoja nianze na hilo la kiachio maana ndo wengi wanaponunulia kitu kisicho chao. Kwenye Remington 700 halisi, ukitaka kuchomoa bolti unasukuma kile kichuma kidogo kilichopo mbele ya triga, ndani ya ule mzingo wa kukinga kidole. Kile kichuma kimebebwa na triga yenyewe, siyo na mwili wa bunduki. Kwaiyo 700 yako inataka triga yenye kiachio, ukifunga isiyo nacho bolti haitatoka mpaka uvue kitako kizima. Bergara B-14 ni tofauti, kiachio chake kipo ubavuni kushoto nyuma, hakina uhusiano na triga, kwaiyo ile inataka triga isiyo na kiachio. Kloni nyingi za siku hizi zenye kiachio cha ubavuni ziko hivyo hivyo. Kwahiyo hata kabla hatujafika mbali, zako mbili tayari zinataka triga mbili. Na kama mojawapo ni ya mkono wa kushoto hakikisha unaagiza ya kushoto, sefti inakaa upande mwingine.

Sasa hilo neno inafiti. Muuzaji akisema inafiti maana yake ni kwamba matundu mawili ya pini yanalingana na pini zinapita. Basi. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Triga haifanyi kazi peke yake, inafanya kazi na vitu vingine vitatu, mkia wa pini ya kupiga kule nyuma ya bolti, sefti, na chumba kilichochongwa kwenye kitako. Ikikorofishana na kimoja wapo, hata kama pini zimepita vizuri, hiyo triga haijafiti.

Cha muhimu kuliko vyote ni ule mkia. Unapofunga bolti, mkia wa pini ya kupiga unakutana na sia, kile kichuma cha juu ya triga kinachoizuia pini isiende mbele mpaka uvute. Sia ikikaa nyuma kidogo kuliko ilivyokuwa ya kiwandani, mkia unazuiwa mapema, yani pini inabaki na safari ndefu ya kwenda kupiga, ila ukikunja mkono wa bolti kushuka utausikia mzito maana unamalizia kukandamiza springi kwa mkono wako. Sia ikikaa mbele zaidi, bolti inafunga kwa ulaini mtu anafurahi, kumbe pini imeibiwa safari, inapiga praima, kile kidude cha kuwashia baruti kilicho nyuma ya risasi, kwa nguvu ndogo. Hapo ndo unakuja kusikia klik bila mlipuko, siku ya baridi, na mnyama amesimama mbele yako. Tofauti yenyewe ni sehemu ndogo ya milimita, kwa macho huioni. Kloni za 700 hazijachongwa kwenye mashine moja, kila kiwanda kina vipimo vyake vya mkia na matundu, kwaiyo triga ileile inaweza kuwa tamu kwenye mwili mmoja na ikasumbua kwenye mwingine na wote wawili wameandikwa 700.

Kuhusu kuhamisha hamisha, inawezekana kimashine lakini kila ukihamisha unatakiwa urudie vipimo vyote vya usalama upya. Ukizoea kuhamisha utakuja kuruka vipimo siku moja. Nunua mbili, kila moja ikae kwake.

MfuataNyayo:

FundiChuma kamaliza kwenye kufiti, mimi nina la kusema kuhusu hiyo Walker. Ndugu usiibadilishe kwa sababu inakwaruza tu, ibadilishe kwa sababu ya historia yake, na mpaka uibadilishe ichukulie kama bunduki isiyo na sefti.

Triga hiyo ilianza na Remington 721 na 722 mwaka 1948, ilipotoka 700 mwaka 1962 ikarithi. Ndani yake kuna kipande kinaitwa konekta, hakijafungwa kwenye triga, kinashikiliwa na springi tu. Ukivuta, triga inakisukuma kinatoka chini ya sia, ukiachia kinatakiwa kirudi mahali pake kikamilifu. Sasa ikiingia takataka, mafuta yaliyoganda, kutu au kipande cha barafu kati ya konekta na triga, kinarudi nusu au hakirudi kabisa. Ukiwa umeweka sefti, sefti ndo inaibeba sia. Unapoitoa sefti, sia inashuka, hakuna cha kuishika, raifo inalia na kidole chako hakijagusa kitu. Na raifo nyingi za kabla ya 1982 sefti ilikuwa inafunga bolti, yani ili utoe risasi chemba lazima kwanza utoe sefti, kwaiyo unalazimika kupita kwenye ile sekunde ya hatari kila ukitaka kuondoa risasi.

Hizi siyo stori za vijiweni. Kuna mtoto aliuawa Montana mwaka 2000 wakati sefti inatolewa ili raifo ipakuliwe, familia yake ikapigana na hii kitu kwa miaka. Televisheni ya CNBC ya Marekani waliirushia dokumentari mwaka 2010. Baadaye kesi ya pamoja huko Marekani ikaishia kwenye makubaliano ambayo mahakama iliyaidhinisha 2017, yakihusu bunduki zaidi ya milioni 7 za 700 na aina nyingine zenye mfumo huo. Remington hawakukubali kwamba ina kasoro, lakini walikubali kubadilisha triga. Muda wa kudai ulishapita tangu 2020 kwahiyo kwako wewe ni kununua.

Na anayesoma hapa mwenye 700 mpya mpya asijione salama sana. Iliyofuata baada ya Walker inaitwa X-Mark Pro, haina konekta, lakini nayo waliiita irudishwe mwaka 2014, zile zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014, kwa sababu gundi ilizidi wakati wa kuunganisha triga na inaweza kusababisha raifo ijifyatue. Angalia namba ya bunduki yako. Hasa ukinunua mkononi kwa mtu, huwezi kujua aliyetangulia alifanya nini na bisibisi yake humo ndani.

Kwangu mimi hapo ndo maana ya triga ya kubadilisha. Ulaini ni faida ya pili.

ShabahaMbali:

Aisee MfuataNyayo sikuwa najua hilo la konekta kwa undani hivyo. Hii yangu inafunga bolti ukiweka sefti kwaiyo ni ya kabla ya 1982. Nimeitoa risasi na inakaa hivyo hivyo mpaka triga ifike. Sasa naomba msaada kwenye kuchagua, maana wengine wananiambia Timney wengine TriggerTech wengine Jewell, na kila mtu anaapa.

mamaDarubini:

Kaka mimi ni wa shabaha za mbali zaidi kuliko kuwinda, nimetumia aina zote tatu, nakupa ninavyoziona.

Timney ya 700 ni muundo wa kawaida unaoeleweka, sia inakaa juu ya triga, vyuma viwili vimesagwa vizuri vinateleza. Ina skrubu za uzito, mshiko wa sia (yani kiasi ambacho vyuma hivyo viwili vinashikana), na ule mvuto wa ziada baada ya kuachia. Uzito wanasema kuanzia ratili 1.5 mpaka 4, yani kama gramu 680 mpaka kilo 1.8. Ile skrubu ya mshiko imesetiwa kiwandani, usiiguse. Nasema tena usiiguse, ukipunguza mshiko ili ivunjike kama kioo unakuwa umepunguza kile kinachozuia raifo isilie ikidondoka.

TriggerTech wa Kanada wao wameweka kirola kidogo kati ya triga na sia, kwaiyo badala ya chuma kuteleza juu ya chuma kirola kinazunguka. Ndo maana ukiivuta huisikii ikitembea, inaachia tu. Mshiko hauwezi kuuseti wewe mwenyewe na mimi naona hilo ni jambo jema, wamekunyima nafasi ya kujiharibia. Ile yao ya kawaida uzito wake nao ni ratili 1.5 mpaka 4, inatosha kabisa kwa kuwinda.

Jewell ni triga ya watu wa benchi, inashuka mpaka uzito wa unyoya, tamu mno. Lakini ina vipande vidogo vingi na ni ya kukaa pasafi. Kwa raifo ya kuwindia siwezi kukushauri hiyo, vumbi laini likiingia kati ya vyuma vyenye mshiko mdogo namna ile utahangaika.

Kuhusu nusu kilo, huyo jamaa yako mwambie hapana. Gramu 500 ni ya mtu aliyekaa mezani, raifo iko kwenye stendi, bolti anaifunga akiwa tayari kupiga na kidole chake kina joto. Mwindaji amevaa glavu, mapigo ya moyo yako juu, vidole vimeganda havisikii. Ukigusa tu imeondoka. Kwa kuwinda kaa kati ya kilo 1.1 na 1.6, wengi wanaishia hapo katikati. Hata kwenye mashindano ya mita 300 ya ISSF, lile shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, raifo ya standadi triga haitakiwi kushuka chini ya gramu 1500, na wale watu wanagonga katikati kila siku kwa uzito huo. Kinachokuharibia wewe siyo uzito, ni ule mkwaruzo. Triga ya kilo moja na nusu inayoachia safi utaiona nyepesi kuliko ya kilo moja inayojikokota.

Na nunua mizani ya triga, usipime kwa kidole. Vuta mara kumi uangalie zinavyotofautiana, wastani peke yake haukuambii kitu. Ikiwa moja inasoma kilo 1.2 nyingine 1.25 nyingine 1.2 hiyo ni triga. Ikiruka 1.1, 1.5, 1.2 kuna kitu kinagusa mahali, na mara nyingi ni kitako.

Bolti_Moja:

samahani naingilia, mimi nina Howa 1500 na ndugu yangu ana Savage 110, maelezo haya yanatuhusu au ni ya 700 tu? kuna mtu aliniambia howa inakubali triga ya 700 kwa sababu vinafanana

FundiChuma:

Bolti_Moja huyo aliyekuambia amekudanganya, labda bila kujua. Howa 1500 haichukui triga ya 700. Inachukua triga ya Howa, na Weatherby Vanguard ni mwili huohuo wa Howa kwaiyo hizo mbili zinashirikiana. Triga ya hatua mbili (unavuta kwanza kilaini, inagota, ukiongeza ndo inaachia) waliyoiweka Howa kwenye matoleo ya miaka ya karibuni siyo mbaya hata kidogo, ivute vizuri uizoee kwanza kabla hujatoa hela.

Savage ni familia nyingine kabisa. Pale swali la kwanza ni kama ina AccuTrigger, ile yenye ulimi mdogo katikati ya triga, au ni ya zamani isiyo nayo, maana sehemu za hizo mbili haziingiliani. Ule ulimi una kazi, raifo ikigongwa sia ikaponyoka inadakwa na ulimi, haipigi, inabidi unyanyue bolti ukoki upya. Unapotoa AccuTrigger ukaweka triga ya kampuni nyingine isiyo na ulimi unaondoa na hicho kinga. Sikatazi, ila ujue unachokiacha. Na AccuTrigger inashuka vizuri tu ukiiseti, wengi hawana sababu ya kuibadilisha.

Tikka T3 na T3x vilevile, triga ya kiwandani inasetika kati ya kilo 1 na 2 hivi na ni safi, mtu wa kuwinda hahitaji zaidi. Wanaotaka chini ya hapo wengi wanabadilisha springi tu.

Mauser 98 ndo inataka fundi kweli. Triga yake ya kijeshi ni ya hatua mbili, na sefti yake iko nyuma ya bolti inavuta mkia wa pini nyuma kidogo kutoka kwenye sia. Ukiweka triga mpya, sia inakaa mahali tofauti, sefti inaweza ikashindwa kuingia au ikaingia bila kuvuta mkia vya kutosha, na hiyo ya pili ndo ya kuogopa, kwa macho utaiona sefti imekaa lakini haijashika kitu. Lazima mkia na sefti vilinganishwe kwa kusagwa kidogo kidogo, na ukisaga kupita kiasi hakuna kurudi. Hiyo usifanyie sebuleni.

Seti_Kamili:

Kwa wale wa AR-15, raifo inayojikoki yenyewe siyo ya bolti, maana najua wapo wanasoma kimya kimya, huko nako kuna mtego wake. Pini za triga na nyundo za kawaida ni inchi 0.154, sawa na milimita 3.9, lakini Colt walitoa bunduki zenye pini kubwa za inchi 0.170. Pima kwanza ndo uagize. Pili, triga nyingi za kudondosha zima zima, yani zinazofungwa zikiwa tayari zimeunganishwa, zinakuja na springi ya nyundo nyepesi ili mvuto uwe laini, halafu mtu anatia risasi zenye praima ngumu za kijeshi, nyundo haina nguvu ya kutosha, anaanza kulaumu risasi. Chagua yenye springi ya nguvu kamili hata kama mvuto unaongezeka kidogo. Na vyuma vya nyundo na sia viwe vya kukomaa mpaka ndani, siyo vilivyokomazwa ngozi ya juu tu kisha mtu akavisaga na jiwe kutafuta ulaini, ukishatoa ile ngozi ngumu vinalika haraka na siku moja unavuta mara moja zinatoka mbili. Hiyo ni hatari kwako na kwa waliokuzunguka, na sehemu nyingi ni kosa kisheria hata kama hukukusudia.

Ruger 10/22 ndo rahisi kuliko zote, nyumba nzima ya triga inatoka kwa pini mbili, na Ruger wenyewe wanauza triga yao ya BX ya kama kilo 1.2 hivi. Hapo hata anayeanza anaweza.

MfuataNyayo:

Niongezee kwenye uimara maana mwenye mada aliuliza na tumeupita haraka.

Triga nyingi nzuri hazifi kwa kuchoka, zinakufa kwa mafuta. Mtu anasafisha mtutu, raifo imelala chali au imesimama kwa kitako, mafuta na ile dawa ya kuyeyusha shaba vinatiririka nyuma mpaka kwenye triga. Vikikauka vinakuwa kama gamu, vikichanganyika na vumbi vinakuwa tope, na kwenye baridi kali yanaganda kabisa sia inachelewa kusogea. Halafu anaona triga imekuwa nzito anaongeza mafuta mengine. Unaposafisha elekeza mdomo wa mtutu chini kidogo na tumia ile bomba ya kuongozea ufito inayoziba nyuma. Ikishachafuka, osha triga kwa petroli ya kujazia viberiti, ile nyepesi inayokauka bila kuacha kitu, iache ikauke kabisa mbali na moto, na usiweke mafuta baada ya hapo. Kavu. Watengenezaji wengi wenyewe wanasema hivyo hivyo.

Kingine ambacho watu wanashtukia wakiwa porini, triga mpya nyingi sefti yake haifungi bolti. Wewe umezoea ile yako ya kabla ya 1982 ukiweka sefti mkono wa bolti haunyanyuki. Ukishabadilisha, utaweza kutoa risasi huku sefti imewekwa, hilo ni zuri sana, lakini ukipita kwenye vichaka mkono wa bolti unaweza kunaswa na tawi ukanyanyuka kidogo. Ukivuta hapo haitapiga au itapiga dhaifu. Jizoeze kuushika mkono wa bolti kwa kiganja kabla hujaweka bunduki begani.

ShabahaMbali:

Wakuu narudi. Nimechukua ya kirola yenye kiachio kwa ajili ya 700, ya Bergara nimeiacha kwanza. Nimeifunga leo, pini zimepita bila nyundo kubwa. Sasa bolti inafunga vizuri ila sehemu ya mwisho ya kushuka ni nzito kuliko zamani, siyo sana lakini naisikia. Na nikiweka kitako, sefti inaenda mbele vizuri ila kurudi nyuma haifiki mwisho, nikivua kitako inafika. Bado sijatia risasi hata moja. Niendelee au nirudishe?

FundiChuma:

Umefanya vizuri kusimama hapo. Usirudishe.

Huo uzito wa mwisho wa bolti ni ile hali niliyosema, sia yako mpya inashika mkia mapema kidogo. Ukiwa mdogo ni salama na pini ina safari ya kutosha, kwa raifo ya kuwindia bora huo kuliko kinyume chake. Paka grisi kidogo sana kwenye ile ngazi ya mteremko nyuma ya bolti ambako mkia unapandia, kwenye bolti siyo kwenye triga, na nyuma ya masikio ya bolti, yale meno ya mbele yanayoifunga. Utapungua. Ikiwa bado unapambana nayo mpaka darubini inayumba, fundi anaweza kulinganisha mkia, lakini huo mkia usiuguse na faili mwenyewe.

Sefti kutofika mwisho ni kitako. Nyumba ya triga mpya ni pana kuliko ya Walker au mkono wa sefti umekaa tofauti, unagusa mbao. Hilo ni la lazima kulitatua, sefti isiyofika mwisho ni sefti isiyokuwepo. Paka rangi ya midomo au masizi ya mshumaa kwenye mkono wa sefti na kingo zote za nyumba ya triga, rudisha kitako, kaza, chezesha sefti, vua. Palipoachwa alama ndo pa kupunguza, kwenye mbao tu, kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kidogo kidogo, halafu upake vanishi pale maana mbao mbichi ikinywa maji itavimba irudi kugusa. Hakikisha pia triga yenyewe haisugui pembeni kwenye tundu la ule mzingo wa chini.

Ukimaliza, bunduki tupu, hakikisha kwa macho na kwa kidole chemba haina kitu, risasi ziwe chumba kingine. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti bila kugusa triga. Isilie. Rudia mara nyingi, na katikati ya kuweka na kutoa ichezeshe sefti polepole, isimame hata nusu njia, bado isilie. Halafu bila sefti, funga bolti kwa kishindo mara kumi, kila mara uangalie mkia umebaki nyuma. Kisha gonga kitako kwenye mkeka mzito wa mpira, chini wima, kutoka kimo cha kiganja hivi, na gonga pembeni mwa mwili kwa nyundo ya mpira. Mkia ukianguka hata mara moja katika yote hayo, isiende popote mpaka ijulikane kwa nini. Pima uzito kwa mizani ukiwa umeshafunga kitako, siyo kabla.

mamaDarubini:

Na ukishapita hapo, risasi tano za kwanza tia moja moja, usijaze magazini. Kila ganda likitoka angalia alama kwenye praima, iwe shimo la duara la kina kinachofanana kwenye zote. Likiwa la juujuu rudi hapa utuambie umekaza skrubu za kitako kiasi gani kabla ya kulaumu triga.

ShabahaMbali:

Skrubu za kitako nimekaza kwa mkono tu sijapima, ni kitako cha mbao hakina nguzo za chuma, zile za kuzuia skrubu zisiponde mbao. Kuna kipimo?

FundiChuma:

Mbao bila nguzo usipite Nm (nyutoni mita) 4 mpaka 4.5, ukizidisha unaiponda mbao na chumba cha triga kinabana tena palepale ulipotoka kupunguza. Ile Bergara yako kama iko kwenye chasisi ya alumini au kitako chenye nguzo inabeba mpaka kama Nm 7. Anza na skrubu ya mbele, kisha ya nyuma, na baada ya kukaza ijaribu sefti tena kabla hujatoka nayo.